Shajara ya mradi: kutafuta kisoma skrini cha kuandikia msimbo

Jumatatu. Ninachokitafuta

Ofisi imeninunulia laptopu mpya ya Windows, na mkuu wa timu kaniuliza swali la haki kabisa: "Dada, tukununulie kisoma skrini gani? Niandikie nikiweke kwenye bajeti." Nimemwomba asubiri nijaribu kwanza. Majaribio yenyewe ndiyo haya, nayaandika kadiri yanavyokwenda, kwa ajili yake na kwa yeyote asiyeona anayeandika programu au anayefikiria kuanza.

Kazi iliyo mezani ni mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa: wanachama, hisa, michango, mikopo, riba. Upande wa seva naandika kwa lugha ya Python na Django, upande wa mbele, ule anaouona mtumiaji, kwa HTML na JavaScript. Naandikia kwenye kihariri cha Visual Studio Code, seva zenyewe ni za Linux na naziingia kwa terminali, dirisha la kuandikia amri. Sioni kabisa, kwa hiyo kila kitu kinapitia masikioni: kisoma skrini ni programu inayoyatamka yaliyo kwenye skrini. Kionyeshi cha nukta nundu, kifaa cha kusomea skrini kwa vidole, ningekipenda, ila vingi bei yake inaipita ya laptopu, basi tukiweke kando.

Watu wakishauriana kuhusu visoma skrini huanzia kwenye sauti: ipi tamu, ipi inachosha. Mimi sauti nimeiweka mwisho. Kwa barua pepe, magazeti na WhatsApp, visoma skrini vyote vinavyotambulika vinatosha, na kinachobaki ni ladha ya mtu. Msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, ni habari nyingine. Anayeona akifungua faili la Python anajua mengi kabla hajasoma neno: kipande hiki kimo ndani ya kile, mstari ule umepigiwa wekundu, mabano haya hayajafungwa. Hayo yote ni umbo na rangi. Nataka kisoma skrini kinachoniletea umbo hilo bila kunichelewesha, na mahali kinaposhindwa niweze kukifungua nikitengeneze mwenyewe. Hilo la pili nalipa uzito kuliko la kwanza.

Jumanne. Walioko mezani

Kwenye Windows majina makubwa ni mawili, na yote mawili yametoka mikononi mwa wasioona. JAWS ndiyo kongwe. Mwanzilishi wake, Ted Henter wa Marekani, alikuwa mshindani wa mbio za pikipiki mpaka ajali ya gari ya mwaka 1978 ilipomwondolea macho. Akahamia kwenye programu, akafungua kampuni na Bill Joyce mwaka 1987, na JAWS ya kwanza, ile ya DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, ikatoka 1989. NVDA imetoka Australia: Michael Curran aliianza mwaka 2006, James Teh akaungana naye, na mwaka 2007 wakaunda NV Access, shirika lisilo la faida linaloisimamia mpaka leo. JAWS inalipiwa na msimbo wake umefungwa. NVDA ni bure na msimbo wake uko wazi kwa leseni ya GPL.

Wengine nimewapitia haraka. Narrator inakuja na Windows yenyewe. VoiceOver imo ndani ya Mac tangu toleo la 10.4 la mwaka 2005, na kwa anayetengeneza programu za iPhone haikwepeki, lakini ofisi yetu haina Mac hata moja. Orca ni ya Linux, imeandikwa kwa Python, na kama ningekuwa nafanya kazi kwenye Linux kuanzia asubuhi ningeanza nayo. Kuna pia Emacspeak ya T. V. Raman, mwanasayansi wa kompyuta asiyeona, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1995. Hii haisomi skrini kabisa: inaifanya Emacs, kihariri cha maandishi, yenyewe iongee, na penye rangi kwa anayeona inabadilisha sauti, maelezo yakisomwa kwa sauti moja na maneno ya lugha kwa nyingine. Wazo hilo naliona zuri kuliko yote niliyokutana nayo. Sihamii Emacs wiki hii, lakini nalihusudu.

Kwa wanaopenda takwimu: utafiti wa WebAIM, shirika linaloshughulikia tovuti kufikika na wenye ulemavu, uliofungwa Januari 2024 ulipata majibu 1,539, na walioitaja JAWS kuwa kisoma skrini chao kikuu walikuwa asilimia 40.5, NVDA asilimia 37.7. Unaeleza soko lilivyo. Hauniambii kipi kinafaa kuandikia Python, kwa sababu walioulizwa ni watumiaji wa kila aina.

Jumatano. Mstari uliosogea

Leo jaribio limekuja lenyewe. Mwenzangu kanitumia kipande hiki, analalamika kwamba kikundi chenye watu wengi kinaonyesha mchango wa mtu mmoja tu:

    def jumla_ya_michango(wanachama):
        jumla = 0
        for m in wanachama:
            jumla += m.kiasi
            return jumla

Maneno yote ni sahihi. Hakuna herufi iliyokosewa, na Python hailalamiki. Kosa ni mahali: `return` imekaa ndani ya kitanzi, kwa hiyo hesabu inakatishwa baada ya mwanachama wa kwanza. Kisoma skrini kikiruka nafasi za mwanzo wa mstari, kama inavyofanya NVDA ukiiacha na mipangilio yake ya awali, msimbo huu na ule sahihi vinasikika sawasawa, neno kwa neno.

NVDA ina mpangilio wa kutaja nafasi hizo, na unakupa njia tatu: kwa maneno, kwa milio, au vyote pamoja. Nimeanza na maneno, nikayaacha baada ya muda mfupi. Kusikia "nane" kabla ya kila mstari unaohama kunakula muda, na ukiwa umeongeza kasi unachanganya namba hiyo na namba zilizo ndani ya msimbo. Milio ni kitu kingine kabisa. Mstari usio na nafasi unalia kwa hezi 220, na kila nafasi moja inapandisha mlio kwa robo toni. Kwa desturi Python inatumia nafasi 4 kwa kila ngazi, maana yake kila ngazi ni toni moja nzima, na ukifika ngazi ya 6 umemaliza oktava. Mlio wenyewe ni wa milisekunde 80 tu, unapita kabla neno la kwanza halijaanza.

Kuna jambo dogo hapo ambalo nimelipenda sana. Mlio unatoka pale tu kiasi cha nafasi kinapobadilika. Nikishuka kwa mshale kwenye kile kipande: mlio ukapanda kwenye `jumla = 0`, kimya kwenye `for`, ukapanda tena kwenye `jumla +=`, halafu `return` ikaja kimya. Pale nilipotegemea mlio ushuke, haukushuka. Nimemjibu mwenzangu kabla hajafunga dirisha la ujumbe: "Rudisha return nyuma ngazi moja, kaka."

JAWS nayo inaweza kutaja nafasi za mwanzo wa mstari, hilo si la NVDA peke yake. Ila kwa masikio yangu milio ndiyo iliyoshinda leo.

Alhamisi. Alama zisizosikika

NVDA ina viwango vya kutaja alama za uandishi: hakuna, baadhi, nyingi, zote. Ukiiweka upya inaanza na "baadhi", na kwa msomaji wa magazeti hiyo ni busara. Kwa msimbo ni hatari, na nitaonyesha kwa nini. Haya ni mabadiliko ya mistari miwili kama git, programu ya kutunza historia ya msimbo, inavyoyatoa, kistari mwanzoni kikiwa ni mstari uliofutwa na `+` ulioongezwa:

    -    riba = mkopo * 0.1
    +    riba = mkopo * kiwango

Katika kiwango cha "baadhi", alama ya kujumlisha inatajwa lakini kistari hakitajwi, kwa sababu kimepangwa kwenye "nyingi". Kwa hiyo mstari wa pili unasikika umeongezwa, na wa kwanza, ambao umefutwa, unasikika kama mstari wa kawaida uliobaki mahali pake. Unaweza kukagua kazi ya mtu kutwa nzima ukidhani kiwango cha riba kimeandikwa mara mbili. Mabano na nukta mbili navyo havitajwi mpaka upande kiwango.

Dawa ni profaili. NVDA inakuruhusu kufunga seti ya mipangilio kwenye programu moja, kwa hiyo nimetengeneza ya Visual Studio Code na nyingine ya terminali, zote zikiwa kwenye "zote". Nikirudi kwenye barua pepe alama zinanyamaza zenyewe.

Tatizo lililofuata ni maneno mengi. Kwa Kiingereza cha NVDA, alama ya `_` inaitwa "line", na mabano yana majina marefu zaidi. Mstari mmoja wa `def` unageuka hotuba. Kuna dirisha la kubadilisha jinsi kila alama inavyotamkwa, nikazipitia moja moja: mabano yamekuwa "fungua" na "funga", `_` imekuwa "chini", nukta mbili imekuwa "pacha". Sasa nasikia "jumla chini ya chini michango fungua wanachama funga pacha", na kwa kasi ninayotumia hiyo ni chini ya pumzi moja. Anayesikia kwa mara ya kwanza haambulii kitu. Fundi wa mtandao aliyepita mezani kwangu aliuliza kama kompyuta imeharibika.

Ijumaa. Dakika 40

Zamu ya JAWS. Bila leseni inakupa dakika 40, kisha ili uendelee lazima uwashe kompyuta upya. Hiyo inatosha kuionja, ukijipanga. Nimeandika orodha ya kujaribu kabla sijaiwasha: faili refu la Python, lahajedwali ya michango, waraka wa Word wenye maoni ya wateja.

Kwenye Word na Excel iko nyumbani kwake. Ile sauti yake ya Eloquence, isiyo na urembo wowote, inabaki wazi hata kwa kasi kubwa, na naelewa kwa nini watu walioizoea hawataki kusikia habari ya sauti za kibinadamu. Nguvu yake kubwa zaidi iko kwenye skripti: mahali pa kazi penye programu ya zamani isiyojieleza, mtaalamu anaweza kuandika skripti zinazoifanya JAWS iisome vizuri. Kama ningekuwa mhasibu kwenye taasisi yenye mfumo wa namna hiyo, ningeomba leseni bila kuona haya.

Lakini skripti hizo zinaandikwa kwa lugha ya JAWS yenyewe, unaitafsiri faili la .jss kuwa .jsb, na lugha hiyo huitumii popote pengine. Chini ya skripti kuna sehemu ambayo haifunguki. Leseni ya kudumu ya matumizi ya kitaaluma inapita dola 1,000 za Marekani, na kwa timu yetu hiyo ni seva ya mwaka mzima. Bei peke yake isingenizuia, mkuu alikuwa tayari kuitetea. Kilichonizuia ni ule mlango uliofungwa.

Jumatatu. Terminali

Kwanza niondoe hofu ambayo wanafunzi huniuliza: seva ya Linux haihitaji kuwekewa kisoma skrini chochote. Ukiingia kwa SSH, njia ya kuifikia seva kutoka mbali, kinachokuja ni maandishi, na kinachoyasoma ni kisoma skrini cha kompyuta iliyo mbele yako.

Shida ya terminali ni kelele. Programu zinazochora mstari wa maendeleo huuandika upya mara nyingi, na kisoma skrini kinajitahidi kusoma kila toleo. Kwa `pip`, inayopakua maktaba za Python, naongeza `--progress-bar off`, kwa `npm`, ya JavaScript, naweka `--no-progress`. Git nayo inapenda kuonyesha matokeo yake ukurasa kwa ukurasa, ikisubiri ubonyeze kitufe. Amri ya `git config --global core.pager cat` inaimaliza tabia hiyo. Majaribio yenye matokeo marefu nayaelekeza kwenye faili, kisha nalifungua ndani ya kihariri na kutafuta neno la kosa. Na kwa NVDA kuna kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert) pamoja na 5 kinachozima na kuwasha usomaji wa yanayojitokeza yenyewe. Nakitumia mara nyingi kuliko ninavyokunywa chai.

Kihariri kimenisaidia zaidi ya nilivyotarajia, na nadhani hili halisemwi vya kutosha: nusu ya kinachoitwa ubora wa kisoma skrini ni ubora wa programu inayosomwa. Visual Studio Code ukibonyeza Alt+F1 inakueleza njia za kibodi za mahali ulipo. Alt+F2 inafungua maandishi ya terminali mahali unapoweza kuyapitia kwa mishale, mstari kwa mstari. F8 inakupeleka kwenye kosa linalofuata na kulisoma. Kuna pia milio ya kukujulisha kwamba mstari uliofika una kosa au una kituo cha kusimamishia programu. Ule wekundu niliousema Jumatatu iliyopita, ndio huu umefika masikioni.

Narrator nayo nimeipa kazi: ni ya akiba. NVDA ikigoma, Ctrl, Windows na Enter zinaamsha Narrator, narekebisha, naendelea. Jambo moja la kuzingatia kwa wanaobeba NVDA kwenye flashi: nakala hiyo ya kubeba haisomi lile dirisha la Windows linaloomba ruhusa ya msimamizi. Iliyowekwa ndani ya kompyuta inalisoma. Kwa anayeweka programu kila mara, weka kamili.

Jumanne. Ndani ya NVDA

Sehemu kubwa ya NVDA imeandikwa kwa Python, lugha ile ile ninayolipwa kuiandika. Zile hezi 220 na robo toni nimezisoma humo humo, kwenye faili linaloshughulikia usemaji.

Nilichokihitaji ni hiki: nikiwa katikati ya faili refu, nibonyeze kitufe nijue nimo ndani ya nini. Anayeona anatupa jicho juu. Nimewasha folda ya majaribio ya wasanidi kwenye mipangilio ya juu ya NVDA, nikaweka humo nyongeza fupi. Inachukua mstari ulipo mshale, inahesabu nafasi zake za mwanzo, kisha inapanda mstari mmoja mmoja ikiokota kila mstari wenye nafasi pungufu ya uliookotwa kabla yake, mpaka ifike ukingoni. Mwisho amri ya `ui.message` inayatamka yaliyookotwa. Kwenye kile kipande cha Jumatano inasema: "for m in wanachama, def jumla ya michango."

Nyongeza ilipokuwa haisemi kitu kwenye mistari mitupu, nimefungua konsoli ya Python, dirisha la kujaribia amri, iliyomo ndani ya NVDA yenyewe, nikaangalia mstari unarudi ukiwa na nini, nikaongeza sharti la kuiruka. Kupakia upya ni kubonyeza NVDA, Ctrl na F3, bila kuzima kitu. Kazi hii ingewezekana kwa skripti za JAWS pia, sibishi. Tofauti ni kwamba hapa sikujifunza lugha mpya, na nikitaka kwenda chini zaidi hakuna ukuta.

Alhamisi. Kiswahili

eSpeak NG, injini ya sauti inayokuja na NVDA, ina Kiswahili. Ni sauti ya bati, lakini inatamka inavyoandikwa na haisitisiti. Kwa msimbo natumia sauti ya Kiingereza kwa sababu maneno mengi ni ya Kiingereza, na majina kama `kiasi` au `mkopo` nimeyazoea kwa lafudhi hiyo ya ajabu. Kwa nyaraka nabadilisha.

Kwenye kurasa za mtandao NVDA inabadilisha lugha yenyewe, mradi ukurasa ujitambulishe. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kiolezo tulichoanzia mfumo wetu kimeandikwa `lang="en"` juu ya kurasa ambazo ni Kiswahili kitupu. Kwa anayeona haina athari yoyote. Kwa mwanachama asiyeona, "ng'ombe" na "mchango" zinapita kwenye mdomo wa Mwingereza. Nimebadilisha kuwa `lang="sw"` na nikapitia kurasa zote upya, kwa NVDA kwenye laptopu na kwa TalkBack, kisoma skrini cha simu za Android, maana wanachama wetu wengi watafungulia simu. Vitufe vya kuhariri na kufuta havikuwa na majina: unapita ukisikia "kitufe, kitufe, kitufe", na kimojawapo kinafuta mkopo wa mtu. Hivyo nimevipa majina leo leo.

Ijumaa. Barua kwa mkuu

Nimempelekea hivi: NVDA iwe ya kazi, Narrator ya akiba. Fedha ya leseni isitumike. Sehemu yake iende kuwa mchango kwa NV Access, kwa sababu bure haimaanishi hakuna anayelipa. Sehemu nyingine inunue hedifoni nzuri yenye waya.

Kajibu mara moja: "Mchango sawa dada. Ila waya wa nini zama hizi?" Nimemweleza kwamba nyingi za bluetooth hujilaza zikikaa kimya, na zikiamka zinameza mwanzo wa sauti. Mlio wa milisekunde 80 unamezwa mzima, na pamoja nao ngazi ya mstari. Ameidhinisha.

Kilichobaki ni kiteua tarehe kwenye fomu ya mkopo. Kwa kibodi unaingia, siku zinasomeka, lakini mwezi hautajwi, kwa hiyo unachagua tarehe 14 ya mwezi usioujua. Nimeandika tiketi na kueleza hatua za kulirudia tatizo. Imepewa kaka wa upande wa mbele, na tumepanga kukaa pamoja Jumatatu, skrini yake ikiwa imezimwa.